Mbwa Uani, Mtoto Mchangani: Kumzoesha Mbwa Kujisaidia Mahali Pamoja ni Suala la Afya

Mama mmoja mkazi wa Mbezi Luis alimleta kliniki ya ngozi mwanawe wa miaka mitano. Kwenye paja la mtoto, karibu na tako, palikuwa na mstari mwekundu ulioinuka kidogo juu ya ngozi, wenye upana wa kijiti cha kiberiti, uliojipinda na kurudi kama njia ya konokono ukutani. Mtoto alikuwa akijikuna usiku kucha. Kwa wiki mbili walikuwa wamempaka dawa ya fangasi bila nafuu. Ndipo mama akafanya jambo ambalo wazazi wachache hulifikiria: jioni moja aliweka nukta ya kalamu pale mstari ulipoishia. Kulipokucha, mstari ulikuwa umeivuka ile nukta.

"Dokta," aliniambia, "kitu hiki kinatembea."

Bibi wa mtoto alikuwa ameshaamini kwamba mjukuu wake ametupiwa jambo. Mimi niliuliza swali ambalo mama hakulitarajia: "Nyumbani mna mbwa?" Akajibu kuwa hawana. Mbwa ni wa jirani, hufunguliwa alfajiri atoke kujisaidia, kisha hurudishwa bandani. Wao wana rundo la mchanga wa kujengea tu mbele ya nyumba, na mtoto hushinda hapo akichimba barabara za magari yake ya makopo. Tulipofika hapo, habari yote ilikuwa imeshajieleza.

Maelezo machache ya kisa hiki nimeyabadili ili familia isitambulike, lakini kiini chake ni kile kile ambacho madaktari wa ngozi na wa watoto hukutana nacho mara kwa mara. Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya mahali mbwa anapojisaidia na afya ya watoto wetu, na yanaonyesha kwamba mbwa anaweza kufundishwa mahali pa kwenda haja. Ni kazi ya majuma machache, haihitaji fedha nyingi, na faida yake huvuka uzio wa mwenye mbwa.

Mbezi na mbwa wake

Mbezi Luis iko kando ya Barabara ya Morogoro, katika Wilaya ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni. Tangu Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kizinduliwe hapo Februari 2021, eneo limezidi kujaa watu, maduka na nyumba mpya. Ukitoka barabara kuu na kuingia ndani kuelekea Makabe, Msakuzi au Mpiji Magohe, utaona sura ya mji unaojengwa: nyumba iliyokamilika imekaa jirani na msingi uliosimama, uzio wa matofali unapakana na ua wa michongoma, na karibu kila mtaa una rundo la mchanga linalosubiri fedha ya saruji.

Katika mazingira haya mbwa ana kazi. Hafugwi kwa kubebwa mapajani, hufugwa kulinda. Mchana hukaa bandani au hufungwa mnyororo, usiku huachiwa azunguke uwanja. Kaya nyingi hazimruhusu kuvuka kizingiti cha mlango. Majirani zetu wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Na hata kaya za Kikristo kwa desturi huona kuwa mahali pa mbwa ni nje. Kwa hiyo tunapozungumzia kumfundisha mbwa adabu ya haja, hatuna maana ya kulinda zulia la sebuleni. Kwetu sisi nyumba ni pamoja na uwanja: pale tunapofulia, tunapopikia siku ya shughuli, tunapoanika mahindi, na zaidi ya yote pale watoto wanapocheza peku.

Kwa sababu mbwa yuko nje, wenye mbwa wengi hudhani hakuna haja ya kumfundisha chochote. Nje ni nje, basi ajisaidie popote. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kinachokaa ndani ya kinyesi

Kinyesi cha mbwa asiyepewa dawa huweza kubeba mayai ya minyoo ya aina kadhaa. Aina mbili zinatuhusu zaidi.

Ya kwanza ni safura ya mbwa, ndugu wa safura inayomnyonya binadamu damu. Mayai yake yakidondoka na kinyesi kwenye udongo wenye joto, kivuli na unyevu, huanguliwa, na baada ya takriban wiki moja viluwiluwi vyake huwa tayari kupenya ngozi. Ndani ya mbwa vingepita ngozini hadi kwenye damu, mapafu na hatimaye utumbo. Ndani ya binadamu hupotea njia. Kwa kawaida havina uwezo wa kuvuka tabaka la chini la ngozi yetu, basi hubaki vikitambaa katika tabaka la juu, milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa siku, vikiacha nyuma mstari mwekundu unaowasha. Hicho ndicho mama yule alichokiona kikiivuka nukta ya kalamu. Paka naye hubeba aina mojawapo ya safura hizi, kwa hiyo si haki kumbebesha mbwa lawama yote. Lakini mbwa ndiye tunayemfuga kwa makusudi, na ndiye tunayeweza kumfundisha kwa urahisi.

Viluwiluwi hivi havistahimili jua kali wala ukavu. Hupenda udongo wa kichanga wenye unyevu, hasa chini ya kivuli cha mti au ukuta, na hushamiri misimu ya masika na vuli. Rundo la mchanga wa kujengea lililonyeshewa mvua ni makao mema kwao: ni laini, lina unyevu ndani, na mbwa na paka hupenda kulichimba. Mtoto aliyevaa kaptura akikaa juu yake, viluwiluwi hupata mlango.

Aina ya pili ni toksokara, mnyoo mviringo mrefu mweupe ambao wengi wamewahi kuuona ukitoka kwa mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa. Mnyoo huu una mbinu ya ajabu. Katika mwili wa mbwa jike aliyekomaa, viluwiluwi hulala ndani ya misuli na viungo bila dalili yoyote. Apatapo mimba, huamka na kupita kwenye kondo hadi kwa watoto walio tumboni. Vingine hupita katika maziwa. Ndiyo maana watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa tayari na maambukizi, hata kama mama yao anaonekana mzima. Mnyoo jike mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na mayai hayo yana ganda gumu linaloyawezesha kuishi udongoni kwa miezi, hata miaka.

Binadamu huyameza kwa mikono michafu, kwa mboga isiyooshwa vizuri, au kwa kula udongo, tabia inayojulikana kwa watoto wadogo na kwa baadhi ya wajawazito. Mayai huanguliwa utumbo mwembamba, na viluwiluwi hutangatanga kwenye ini, mapafu, mara chache ubongo, na jicho. Watu wengi hawapati dalili. Wengine hupata homa, kikohozi, kubanwa kifua na ini kuvimba. Wachache hupoteza uwezo wa kuona wa jicho moja. Mwaka 1950, mtaalamu wa patholojia ya macho wa Marekani, Helenor Campbell Wilder, alichunguza tena macho 46 yaliyokuwa yameondolewa, mengi kwa kushukiwa saratani. Katika macho 24 hakukuta saratani. Alikuta mabaki ya minyoo. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa toksokara ni miongoni mwa minyoo hiyo. Kila ninapomwona mtoto akila udongo karibu na banda la mbwa, hesabu hiyo hunirudia.

Sasa tuangalie jambo lenye matumaini. Yai la toksokara linapotoka kwa mbwa haliwezi kumwambukiza mtu papo hapo. Huhitaji muda wa kukomaa udongoni, kwa kawaida wiki mbili au zaidi hata penye joto. Kiluwiluwi cha safura nacho huhitaji takriban wiki. Kwa hiyo, kwa upande wa minyoo hii, kinyesi cha leo si hatari kama kile kilichosahauliwa tangu wiki iliyopita. Mwenye kuondoa kinyesi kila siku huikata njia kabla mnyoo haujaipita. Lakini huwezi kuondoa kisichojulikana kiko wapi. Kinyesi kilichotawanyika uwanja mzima, nyuma ya tangi, chini ya mwembe na kwa jirani, hakiokotwi. Kinyesi cha kona moja huokotwa kwa dakika mbili. Hapo ndipo mafunzo ya mbwa yanapokuwa kinga ya mtoto.

Jinsi mbwa anavyojifunza

Mbwa huzaliwa na chembe ya usafi. Katika majuma ya kwanza hawezi hata kukojoa bila mama kumlamba, na mama huyasafisha malazi yeye mwenyewe. Afikapo wiki tatu hivi, huanza kujikongoja na kutoka pale alipolala ili ajisaidie pembeni. Kati ya mwezi wa pili na wa tatu huanza kuwa na upendeleo wa mahali na wa aina ya ardhi: aliyezoea mchanga hutafuta mchanga, aliyezoea majani hutafuta majani. Samaki hukunjwa angali mbichi, na umri huu ndio ubichi wenyewe.

Mambo matatu ya kifiziolojia humsaidia mfundishaji. La kwanza, chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huchochewa kusukuma kilichopo. Ndiyo maana mtoto wa mbwa hutafuta mahali pa haja kati ya dakika tano na thelathini baada ya kula. Mtoto wa binadamu naye hufanya vivyo hivyo, kama kila mama anavyojua. La pili, kibofu chake ni kidogo na misuli ya kukizuia haijakomaa. Kwa kadirio la jumla, mtoto wa mbwa wa miezi miwili huweza kujizuia kwa saa tatu hivi mchana, wa miezi mitatu kwa saa nne. Asitegemewe zaidi ya hapo. La tatu, pua yake humrudisha pale aliponusa mkojo wake wa awali.

Juu ya hayo kuna kanuni ya kujifunza ambayo msingi wake uliwekwa na Mrusi Ivan Pavlov, mwanafiziolojia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula. Katika majaribio yake, mbwa walioletewa chakula pamoja na ishara fulani kila mara walifika hatua ya kudondosha mate kwa ishara peke yake. Mambo mawili yakija pamoja mara nyingi, ubongo huyafunga fundo moja. Nasi tunataka mbwa afunge fundo kati ya kona fulani, haja yake, na furaha ya kupata kitu kitamu.

Hatua za kumzoesha

Anza kwa kuchagua mahali. Chagua kona moja ya uwanja iliyo mbali na kisima, tangi la maji, bustani ya mboga, kamba za nguo na mahali watoto wanapochezea. Pendelea panapopigwa na jua, kwa kuwa jua ni adui wa viluwiluwi vya safura. Mita mbili kwa mbili zinatosha. Paweke alama kwa matofali machache ili kila mtu wa nyumbani, akiwemo dada wa kazi na mtoto anayeanza kutembea, ajue kwamba hapo si pa kukanyaga.

Pili, panga saa za chakula. Mtoto wa mbwa alishwe mara tatu au nne kwa siku hadi afikie miezi minne hivi, kisha mara mbili, kwa saa zilezile. Iwe ni ugali wa dona na dagaa au chakula cha kununua, chombo kiondolewe baada ya robo saa. Kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa. Anayekula makombo kutwa nzima hujisaidia kutwa nzima. Maji safi, hata hivyo, yawepo wakati wote.

Tatu, mpeleke. Usimfungulie tu ukabaki mlangoni. Mtie kamba nyepesi shingoni, mwende pamoja hadi kwenye kona, usimame hapo kimya. Fanya hivyo kila anapoamka, kila baada ya kula, kila baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Kwa mtoto wa miezi miwili ongeza mara moja au mbili usiku. Anapoanza kuinamisha pua na kuzungukazunguka, tamka neno moja mlilokubaliana nyumbani, kwa mfano "kojoa". Lisibadilike kutoka kwa baba hadi kwa mtoto.

Nne, mlipe papo hapo. Mara tu amalizapo, kabla hajapiga hatua tatu, mpe dagaa mmoja na sauti ya kumsifu. Malipo yakichelewa hata nusu dakika, mbwa atayafunga na jambo jingine, pengine na kurudi bandani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi; katika somo hili usemi huo ni wa kweli neno kwa neno.

Tano, asipojisaidia ndani ya dakika kumi, mrudishe bandani au mweke karibu nawe kwa robo saa, kisha jaribuni tena. Usimwachie azurure kabla hajamaliza, kwa sababu kila mara anapofanikiwa kujisaidia pasipofaa, anajifunza mahali hapo.

Sita, akikosea, safisha. Sakafu ya saruji ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ipanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji ili harufu iishe. Epuka visafishio vyenye amonia, maana harufu yake hukaribiana na ya mkojo na humwalika arudi. Kwenye udongo, chota tabaka la juu ulipeleke kwenye kona yake. Harufu hiyo itakuwa kibao cha kumwelekeza.

Kwa utaratibu huu watoto wengi wa mbwa huelewa ndani ya majuma machache, ingawa ajali za hapa na pale huendelea hadi miezi mitano au sita. Mbwa mzima naye hufundishika kwa njia ileile, ila ataka subira zaidi kwa kuwa ana mazoea ya kuvunja. Dume anayeinua mguu na kunyunyiza mkojo kidogo kidogo kwenye kila nguzo hana kosa la kutofundishwa. Anaweka alama ya mipaka yake, na daktari wa mifugo anaweza kushauri kuhasiwa.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni fimbo. Wako wanaomsugua mbwa pua kwenye kinyesi chake au kumpiga baada ya kukikuta asubuhi. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha asubuhi na tendo la usiku wa manane. Anachojifunza ni kwamba binadamu akiwa karibu na kinyesi, hatari ipo. Matokeo yake hujificha: hujisaidia nyuma ya matofali, chini ya gari, au kwa jirani. Fimbo hukitawanya kinyesi tunachotaka kukikusanya. Zaidi ya hayo, mbwa aliyezoeshwa kuogopa mkono ni mwepesi wa kuuma, na wa kwanza kuumwa huwa ni mtoto. Tukumbuke pia kuwa ukatili kwa wanyama unakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kosa la pili ni mnyororo mfupi. Mbwa aliyefungwa kutwa hulazimika kujisaidia anapolala. Akizoea hivyo, ile chembe ya usafi aliyozaliwa nayo hufa, na kumfundisha huwa kugumu. Afunguliwe kwa saa maalumu, walau asubuhi, mchana na jioni, apelekwe kwenye kona yake.

Kosa la tatu ni kumfungulia geti alfajiri "akajisaidie nje". Mwenye mbwa hubaki na uwanja msafi, na jirani hubaki na mtoto mwenye mstari mwekundu. Mbwa huyo pia hukutana barabarani na mbwa wasio na mwenyewe, jambo nitakalolirudia hivi punde.

Kosa la nne hutokana na usafi wenyewe. Kila asubuhi uwanja hufagiliwa kwa ufagio wa chelewa. Ikiwa kinyesi hakikuondolewa kwanza, ufagio hukisaga na kuyasambaza mayai uwanja mzima. Okota kwanza, ndipo ufagie.

Kinyesi kikishaokotwa

Tumia koleo dogo lililotengwa kwa kazi hiyo pekee. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata bila marufuku hiyo isingefaa, kwa kuwa huishia mtaroni. Kinyesi kitiwe kwenye choo cha shimo, au kifukiwe kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, mbali na kisima na bustani. Kisitumiwe kama mbolea ya mchicha wala matembele. Usitegemee chokaa au dawa ya klorini kuua mayai ya toksokara, kwa maana ganda lake huzishinda. Sakafu ya banda imwagiwe maji yanayochemka. Baada ya kazi, nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa hata kinyesi kibichi hubeba bakteria wa kuharisha.

Rundo la mchanga wa kujengea lifunikwe kwa turubai lililobanwa kwa matofali. Watoto wavae viatu, na taulo au magodoro yasianikwe juu ya ardhi tupu.

Dawa ya minyoo na chanjo

Kona safi haitoshi iwapo mbwa mwenyewe ni kiwanda cha mayai. Kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa na maambukizi, hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya maisha, kisha kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Mama yao hupewa pamoja nao. Mbwa mzima hupewa kila baada ya miezi mitatu. Dawa na kipimo vipatikane kwa daktari wa mifugo, si kwa kukisia kutokana na vidonge vya binadamu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa afikapo miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu, na kuwa karibu 4 kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mbwa aliyezoeshwa kamba na kona yake ana faida mbili hapa: hazururi barabarani kukutana na mwenye ugonjwa, na siku ya chanjo hukubali kushikwa.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Jeraha lisipakwe kitunguu, pilipili wala mafuta.

Wakati wa kumwona daktari

Mpeleke mtoto hospitali uonapo mstari unaowasha na kusogea juu ya ngozi. Matibabu yapo, ni ya kumeza, na kwa kawaida ni ya siku chache. Usijaribu kukichomoa kiluwiluwi kwa sindano, kwa sababu huwa kimeshatangulia mbele ya mstari, wala usikichome kwa moto. Hata bila dawa hufa chenyewe baada ya wiki au miezi, lakini kujikuna huingiza bakteria na kuleta usaha. Mtoto mwenye kikohozi kisichoelezeka pamoja na tumbo kuvimba, au anayeanza kukengeza au kulalamika kuwa jicho moja halioni vizuri, aonwe bila kuchelewa, na daktari aelezwe kama nyumbani au kwa jirani kuna mbwa.

Kwa upande wa mbwa, aliyekwisha kuzoea kona yake kisha akaanza ghafla kukosea huenda ni mgonjwa. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayetapika na kuharisha damu apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ileile, kwa kuwa huenda ana ugonjwa wa parvo, ambao huua kwa haraka.

Hitimisho

Narudi kwa yule mama. Siku ya kwanza aliniambia kwamba mumewe alikuwa amekasirika na alikusudia kumtegea mbwa wa jirani nyama yenye sumu. Nilimsihi asifanye hivyo. Sumu ingeweza kuokotwa na mtoto, ingeua ujirani, na baada ya mwezi jirani angenunua mbwa mwingine atakayefunguliwa geti alfajiri vilevile. Nilimpa mtoto dawa, na mama nikampa kazi: aende kwa jirani na karatasi ile niliyomchorea, yenye kona, saa za chakula na koleo.

Waliporudi baada ya wiki mbili, mstari ulikuwa umekauka na mtoto alikuwa akilala usiku. Mama alisema jirani aliposikia habari ya mtoto aliinama kwa aibu; hakuwa amejua. Wamefunika mchanga kwa turubai. Mbwa ana kona yake nyuma ya banda. Na anayempeleka kila asubuhi, saa kumi na mbili, akiwa na dagaa mfukoni na viatu miguuni, ni binti wa jirani wa miaka kumi na miwili. Mgonjwa wangu husimama upande wa pili wa michongoma akimsaidia kutamka lile neno.